Kanga Iliyochuja Harusini

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, maana najua uliniamkia kabla hujafunga bahasha. Huku Magomeni tu wazima. Babu yako kakonda. Anadai ni mazoezi.

Umeuliza kwa nini enzi za Ujamaa tuling'ang'ania vitu vya nchini hata vikiwa vibovu. Ngoja nikusimulie harusi ya dada yangu.

Kariakoo zilijaa kanga za nje, laini na rahisi kuliko zetu. Ila kaka yetu alifanya kazi kiwanda cha nguo, na walishaambiwa kanga zisipouzika watapunguzwa. Basi sare tukachukua ya kwao, nyekundu. Mimi na ujuaji wangu nikakataa tusiziloweke kwenye maji ya chumvi zikamate rangi. Nilitaka zivaliwe zikiwa kakamavu, za dukani.

Tukacheza, jasho likatoka, na rangi ikatoka nalo. Shingo nyekundu, mikono nyekundu. Dada wa bwana harusi, kajifunga kanga yake ya nje, akauliza, "Mawifi, mmetoka kuchinja?"

Watu wakacheka. Kaka akainamisha kichwa. Hapo nikapandwa na hasira. Nikampaka yule dada kiganja changu shavuni, nikamwambia, "Sasa na wewe umevaa ya kwetu."

Kanga ilikuwa mbaya, sikatai, na meli hazikuacha kushusha za nje. Lakini waliyemcheka alikuwa kaka yetu. Kesho yake tulizivaa tena, tukapita mtaa wa Msimbazi wote, palepale Kariakoo, mchana kweupe, na shingo hatukunawa.

Bibi yako