Kuandikishwa Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi 1996

Shirika la misaada la Dadaab halitatoa kazi ya kupiga chapa kwa mtu asiye na cheti cha usajili wa biashara. Amesema hivyo leo saa tisa alasiri ofisa wao wa ununuzi, amesimama mlangoni petu, miwani ya jua usoni. Kazi ni ya mwaka mmoja. Barua, kumbukumbu za mikutano, tafsiri za Kisomali. Siku ya mwisho kupeleka cheti: Ijumaa, tarehe 29.

Hatuna cheti. Tuna leseni ya manispaa ukutani na taipureta mbili, zote za Habiba, mwenzangu wa kazi. Asubuhi natafuta habari za gazeti, alasiri napiga chapa hapa naye. Miaka mitatu sasa. Hakuna aliyewahi kutuuliza sisi ni nani.

Tangu mwezi uliopita kuna kompyuta mlango wa tatu kutoka kwetu. Wateja huenda kuitazama, hawarudi. Bila kazi ya Dadaab tutafunga kabla ya mwaka kwisha. Hilo nina hakika nalo.

Jumanne, 5 Machi

Nimechukua fomu ofisi ya wilaya. Karani: "Mzee wa gazeti, leo umekuja kuandika au kuandikwa?" Akacheka peke yake.

Fomu ina kurasa mbili. Jina la biashara. Majina ya wenye biashara wote. Uraia. Sahihi. Kisha ipelekwe Nairobi.

Nilipendekeza Huduma za Uandishi Garissa. Habiba akakataa. "Watu yote nasema 'kwa Habiba'. Jina ingine ya nini? Hii si hosbitali."

Nikamwambia jina si shida, ila lazima tuandikishwe. Akaacha kucheka. "Mimi nimeandikishwa zamani," akasema, akaenda kuswali. Nilidhani anasema leseni ya manispaa. Sikuuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Habiba hajaja siku mbili. Si kawaida yake. Jioni nilikwenda kwake, mtaa wa Waberi. Chai ya maziwa ya ngamia, mkeka.

Nilirudia: serikali inataka biashara iandikishwe. Akaingia ndani, akatoka na kadi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Si leseni. Ni kadi ya chakula ya kambi za wakimbizi.

Maelezo yake, kama alivyoyatoa. Ukame wa mwaka 1992. Mbuzi wake wote walikufa kwao Buna. Akamfuata shangazi yake, Eeddo Shamsa, hadi Dadaab. Kwenye foleni waliulizwa wanatoka wapi. Waliokuwa mbele walisema Kismayu, ng'ambo ya mpaka. Naye akasema Kismayu. Akaandikwa, akapewa kadi. Mwaka uliofuata alihamia hapa, akanunua taipureta ya kwanza. Chakula cha kadi anachukua Eeddo mpaka leo.

Habiba ni Mkenya. Ana kitambulisho, ana pia ile kadi ya waridi waliyopewa Wasomali wa Kenya wakati wa msako, kuthibitisha uraia. Sasa yuko kwenye vitabu viwili, na kila kitabu kinakisuta kingine.

Mji huu ukisema fulani ameandikishwa, maana yake kambi. Nimeishi hapa miaka kumi na tisa. Nimelisikia neno hilo kila siku. Nimeona aibu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechanganyikiwa. Naandika ili nione.

Jina langu peke yake: cheti kitakuwa changu, mashine ni zake. Nikifa kesho ndugu zangu watakuja kutoka Hola kuzibeba, na sheria itakuwa upande wao. Jina lake: cheti kinakwenda kwa shirika lilelile linalogawa chakula kwa kadi yake. Majina yote mawili: hatari ni ileile. Kutoandikisha: kompyuta itatumaliza.

Halafu kuna mimi. Naandika habari za shirika hili. Nikipokea kazi yao, nitaandika nini wakikosea? Mhariri hajui. Sijamwambia.

Leo nimetoa faili la zamani. Mwaka jana niliandika habari juu ya wenyeji wanaokula mgao wa wakimbizi. Chifu alisema wakamatwe. Nilimnukuu bila kuongeza neno. Aliyeipiga chapa ni Habiba. Hakukosea hata herufi moja.

Jumamosi, 9 Machi

Amerudi kazini. Nikapendekeza jina langu peke yake. Kwa usalama wake, nilisema.

"Wallahi, walaal, ndugu yangu," akasema, "wewe naandika watu kwa gaseti, mimi nabiga chaba. Sasa na duka yangu naandika yako?"

Nikasema ni karatasi tu.

"Ngamia haina alama, kila mtu nasema ni yake. Na wewe nataka kuweka alama yako juu ya ngamia yangu."

Akanirudishia fomu, akanipa mgongo. Nilikasirika naye mpaka adhuhuri. Kisha nikagundua kwamba nimejikasirikia mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Ofisa wa ununuzi ametaka majina ya wenye biashara mapema, kabla ya cheti. Nimesema atayapata.

Nikamuuliza kwa sauti ya kazini: mwenyeji mwenye kadi akienda mwenyewe kuomba afutwe, hufanyiwa nini?

Akavua miwani. "Sijui. Sijawahi kuona mtu akija kuomba afutwe."

Akanitazama. Hakuuliza ni nani. Mimi sikuandika jibu lake mpaka nilipofika nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Nimempa Habiba jibu hilo neno kwa neno. Sikumshauri. Sijui cha kumshauri. Wanaweza kumshukuru, wanaweza kumpeleka polisi.

Akauliza jambo moja. "Na Eeddo atakula nini?"

Aliingiza karatasi, akapiga barua ya mzee mmoja anayeomba kisima kichimbwe. Ukurasa mzima. Akaitoa, akaisoma, akaikunja.

"Eeddo nakuja Waberi. Nakula na sisi."

Baadaye: "Kwanza mimi nafutwa. Halafu naandikwa."

Nilimwambia nitafuatana naye. Akakubali kwa sharti. "Kuja kama ndugu. Kalamu nabaki hapa."

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimempigia mhariri simu kutoka posta. Nikisaini fomu hii, habari za Dadaab apewe mwingine. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sina.

Alasiri tumejaza fomu kwa wino. Wenye biashara wawili, Habiba wa kwanza. Penye uraia aliandika mwenyewe, taratibu, Mkenya. Akapuliza wino ukauke.

Sijui kama tumefanya vizuri. Yeye pia hajui.

Lori la maji linakwenda Dadaab Jumanne, tarehe 19, baada ya swala ya alfajiri. Dereva ametuwekea nafasi mbili. Akifutwa bila matata, Alhamisi tarehe 21 napanda basi la Nairobi, lile linaloondoka na msafara wa polisi, nipeleke fomu.