Barrière ya tembo wa bahari

Yaya Masika,

Uliamuka muzuri huko Butembo? Mimi niko kwenye ile kisiwa ya kusini kabisa ya dunia. Nahesabu bandege na banyama ba bahari, baridi nayo inahesabu mifupa yangu.

Jana nilikuta tembo wa bahari amelala katikati ya njia. Ni munyama munene kama gari ya camionnette, pua imevimba, harufu ya samaki ya kuoza. Akanyanyua kichwa, akanguruma. Yaya, mwili wangu ulijibu mbele ya akili: nikasimama, nikatoa kofia, nikasema, "Bonjour, Chef!" Nikamuonyesha ordre de mission, ile karatasi ya kazi, nikamuwekea na biscuit, kama tunafanya kwa barrière ya Eringeti, kwenye baaskari banafunga njia tangu vita.

Chef akatoa hewa ya tumbo, ikanipiga kwenye uso.

Muzungu mwenye tunatumika naye kazi alikuwa nyuma yangu.

"Unangojea nini?"

"Aniambie nipite."

Akacheka mpaka akaanguka kwenye matope. "Lakini zunguka tu!"

Mimi, kuzunguka barrière? Kwetu, mwenye anazunguka hafike.

Muzungu anasema huyu Chef anangojea tu manyoya ya zamani imutoke. Ikiisha, anarudia kwa maji yeye mwenyewe, hakuna mutu wa kumufukuza.

Ukipita Eringeti na maharagi yako, salimia bale ba-Chef betu na heshima yote. Lakini siku ya yenga, kule kanisani, ubaombee: manyoya ibatoke, barudie kwabo.

Mudogo wako mwenye anakosa bugali yako,
Kambale