Orodha Tupu Niliyoiita Salama

Shangazi Zdravka, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Majina nimeyabadilisha, nina miaka ishirini na minne, nina shahada, na huu ni mwezi wa tano niko kwenye kipindi cha majaribio katika ofisi moja hapa Plovdiv inayolinda kompyuta za zahanati. Kazi yangu ni ya ukarani tu, naandika maelezo ya matumizi ya zana zetu, na zamani maelezo hayo yalisomwa na watu lakini siku hizi yanasomwa na mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazoshika zamu zenyewe, na zana niliyopewa niieleze ni ile inayochota tahadhari za usalama: wakala akiiomba, inamletea orodha ya kila dalili ya mtu anayejaribu kuingia asikoruhusiwa, kisha wakala anaamua amwite nani.

Nilikaa wiki tatu na watu wa zamu nikiandika kila wanachofanya, nikaona kwamba orodha ikija tupu, Bi Stanka, mwenye miaka kumi na tisa kazini, hugonga meza ya mbao mara tatu, kisha hujitumia tahadhari ya uongo aone kama itamfikia, na kijana mwenzangu Kaloyan humtania, "Mama, umeshaanza uganga wako?" naye humjibu, "Cheka tu, mwanangu. Mimi kimya kilishanidanganya mara moja, hakirudii." Nami nilicheka, Shangazi, kwa sababu hata mama yangu hugonga mbao kufukuza mkosi kila akisema mwaka huu hatujaugua mafua, nikaona kugonga meza na kujitumia tahadhari vyote viwili ni ushirikina, sikuandika hata kimoja. Badala yake niliandika sentensi fupi niliyojivunia sana: "Orodha ikiwa tupu, hakuna tahadhari."

Jumatatu hii Bi Stanka yuko likizo Velingrad kwenye chemchemi za maji ya moto, nami nikasoma taarifa ya wakala, zahanati zote shwari, siku ya nne mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikajitumia tahadhari ya uongo nikihakikisha Kaloyan haoni, nayo haikufika. Kibali cha zana, yaani ruhusa yake ya kusoma kompyuta za zahanati, kilikuwa kimekwisha muda, na kibali kikiisha zana hailalamiki, inaleta orodha tupu. Nikakihuisha, zikamwagika tahadhari thelathini na moja, na katika moja mtu alikuwa ameshinda kutwa akibahatisha nywila za zahanati asifanikiwe. Kaloyan akasema, "Ala! Leo wezi wamekuja wote kwa basi moja?" nami nikacheka naye.

Hakuna anayejua. Sentensi yangu bado ipo, maana kuibadilisha lazima niandike sababu na mkuu wetu, Bwana Hristozov, atie saini, na majaribio yangu yanaisha tarehe thelathini, na vitengo vingine viwili vimeshanakili maelezo yangu kwa ajili ya mawakala wao. Je, ninyamaze mpaka nipate mkataba ndipo nirekebishe, au niseme sasa nikose kazi? Chakula hakipiti, mama anauliza kama nimeachwa na mchumba.

Mwenye hofu, Plovdiv

SHANGAZI ANAJIBU

Pole, binti yangu. Sasa kaa sawa nikuseme.

Kosa la kwanza nakusamehe. Kinachojulikana na wote ndicho kisichoandikwa na yeyote. Lakini wakala hajakaa na Bi Stanka. Ana sentensi yako tu, na anaiamini kuliko wewe unavyojiamini. La pili sikusamehi: kile kicheko na Kaloyan. Hapo ulikuwa unajua.

Unataka kungoja tarehe thelathini. Vibali vya vitengo vile viwili vinaisha lini? Hujui. Basi hujui pia kama sasa hivi kuna muuguzi anayefungua faili za wagonjwa huku mgeni anasoma pamoja naye. Hilo ndilo linalokuzuia kula.

Lakini nani aligundua? Ofisi nzima ilisoma "shwari" ikanywa kahawa. Wewe ndiye uliyeinuka kuangalia. Usilisahau hilo ukiwa mbele ya mkuu wako.

Usimpelekee machozi, mpelekee karatasi moja. Eleza siku nne, tahadhari thelathini na moja, na sentensi yako ilivyochangia. Chini yake weka maneno mapya: "Orodha tupu huenda ina maana hakuna tahadhari, au zana imeshindwa kuzileta. Jitumie tahadhari ya majaribio. Isipofika, usiseme shwari, mwite mtu." Vitengo vile viwili vikague vibali leo hii. Mafundi nao waifanye zana iseme wazi kibali kinapoisha. Si haki mzigo wote uwe wa sentensi. Bi Stanka akirudi, mwombe radhi, kisha muulize kila jambo analolifanya bila kulieleza, na safari hii andika yote.

Mkuu wako anaweza kukunyima mkataba, sitakudanganya. Ila nimefanya kazi na wakuu wengi, na sijamwona mwenye akili anayemtupa mtu aliyeleta kosa lake pamoja na dawa yake. Ninaamini utabaki.

Barua yako nimeipata Alhamisi na gazeti linatoka Jumamosi asubuhi. Namba ya huyo unayemwita Hristozov unayo. Usingoje Jumatatu umpe karatasi, mpigie kabla hujageuza ukurasa.