Huyu Kuku Ametumwa na Nani?

Kiboko

Kwa mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walio hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe alizaa salama? Na mvua, imefika Ikutha ama mnaiona tu ikipita kwa mbali? Mimi huku ni mzima, ila moyo haujatulia.

Utashangaa barua imekufikia kupitia kwa mama mchungaji, wakati simu ipo. Mama, kila nikipiga unajibu "tuko sawa" na nyuma yako namsikia Kaka Mutua akikohoa. Najua spika imewashwa. Mambo haya sitaki ayasikie kabla yako, kwa sababu yeye ndiye kocha wa wasichana wa Ikutha, na mimi sasa ni refa.

Ndiyo, refa. Nilipomaliza mafunzo nilikuambia ukadhani natania. Siku za kazi niko kwenye kibarua changu cha shamba la mbegu, na Jumamosi navaa jezi nyeusi kuchezesha mechi za wasichana wadogo, hapa Kiboko na hadi Matiliku. Miguu ilizoea upesi. Nisichozoea ni macho ya watu. Mwalimu wetu alitufundisha, "Refa hali chakula kwa mtu. Akionekana anatoka kwa mzazi akipangusa mdomo, ameshauzwa." Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mzazi akinisalimu kwa furaha, najiuliza anataka nini. Asiponisalimu, najua amenikasirikia. Muuza ndizi aliniongezea moja nikamrudishia, kumbe hata mtoto hana.

Sasa, Mama Mueni. Ni yule mwenye nyumba ninayopanga, aliyenilisha kama mtoto wake tangu nije huku. Binti yake Mueni ndiye kipa wa Kiboko. Jioni moja baada ya mafunzo aliniletea muthokoi wa mahindi na maharagwe kama kawaida yake. Nikasema nimeshiba. Kesho yake nikasema tumbo linauma. Aliporudi tena, alisimama mlangoni na sufuria, wapangaji wote wakitazama.

"Mwende, hii chakula umekula hapa siku zote. Leo ndio iko na sumu? Kwani unaniona mimi ni muoi?"

Mama, unajua uzito wa neno hilo kwetu. Ukikataa chakula cha mtu na huumwi, umemwita mchawi mbele ya watu. Nilitaka kumweleza habari ya urefa, lakini mbele ya wapangaji ingesikika kama kisingizio. Akachota kijiko, akala mbele yangu, akameza, kisha akafungua mdomo nione. Halafu akaenda zake. Nililia sana siku hiyo. Tangu hapo hatukusemeshana, na majirani wakaacha kunikaribisha hata kwa maji.

Ndipo akaja kuku wako.

Dereva wa lori la mbuzi alinishushia kuku mzima, amefungwa miguu, akasema ni kutoka kwa mama. Nakupenda, mama, lakini tangu nije huku umenitumia salamu na maombi tu. Kuku wako huwachinji hata askofu akija. Halafu huyu anafika wiki ileile tuliyoambiwa Ikutha watakuja kucheza na Kiboko, na mimi ndiye nitakayechezesha! Nilikuwa nimemwambia mkubwa wetu wa marefa kwamba Ikutha ni kwetu. Alicheka. "Na Kiboko si ndio unalala? Basi wewe uko katikati. Chezesha."

Nikamfunga kuku nyuma ya nyumba, sikumgusa. Akataga. Mayai pia sikuyagusa.

Mwishowe Mama Mueni akashindwa kuvumilia. "Huyu kuku utachinja, ama unangoja akufe na uzee?" Nikamweleza yote: mwalimu, mechi, Kaka, na wewe. Nikamwomba msamaha.

"Kwa hivyo hata mama yako unamshuku?"

"Hata yeye."

Akacheka mpaka akaketi chini. "Ngai! Mimi nilidhani niko peke yangu. Lete kisu."

Tulimpika kwenye sufuria ileile. Alinipakulia, nikala kabla yake, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimekosa chakula cha watu, mama. Kisha nikampigia mkubwa wetu na kumwambia nimekula nini na kwa nani, asije akasikia kwa mwingine. Amesema bado nitachezesha.

Lakini ukweli bado nautaka, na mama mchungaji ni shahidi. Kuku alitoka kwako ama kwa kocha? Kama ni kwako, Mungu akubariki, alikuwa mtamu. Kama ni kwa Kaka Mutua, mwambie kwamba kipa wa Kiboko amekula paja moja, na lile lingine pia.

Nisalimie shangazi anayekukandia goti, na mke wa Kaka, ambaye sina shaka naye. Mama mchungaji, asante kwa kusoma bila kuruka, na tafadhali barua hii isilale kwetu, Kaka asije akaiona.

Mama, njoo kwa mechi. Utalala kwa Mama Mueni, ameshakutandikia. Ila nakuomba, hata kama ni aibu kwa mzazi, uje mikono mitupu.

Binti yako,
Mwende