Maji Moto na Mtoto Ninayemwita Baba

Kaloleni, Alhamisi, Februari 1996

Jua imeshinda ikichoma. Hata sasa jioni imefika na ukiegemea ukuta unasikia bado iko na joto. Nimekaa nje ya mlango kwa kistuli ya ndugu yangu Mutiso, naandika kabla giza iingie. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo naandika venye naongea. Na kuongea kwenyewe siongeagi.

Leo nimeongea.

Wacha nianze na hii ngozi yangu. Nikipata joto inatoka vipele ndogondogo, kama mtu amenimwagia mtama chini ya ngozi. Zinaanza shingoni, zinashuka kifuani, zinaingia ndani ya mikono. Zinawasha kama upupu. Halafu nikikaa mahali kuna kivuli zinarudi zenyewe, na ngozi inabaki laini kabisa, hakuna kidonda, hakuna alama. Ukimwambia mtu atafikiria unamdanganya.

Na kazi yangu ni ya joto. Niko soko ya Gikomba, napiga pasi. Mama Rispa anauza nguo za mtumba, na nguo ikitoka kwa bale, ile mzigo imefungwa na waya, imekunjana kama uso wa mzee. Kabla itundikwe lazima ipite kwangu. Pasi ni ya makaa, meza imetandikwa blanketi, na juu yetu ni mabati. Mimi na Odhiambo tunapiga pasi meza moja. Huyo hana aibu na mtu. Siku ya kwanza kuona shingo yangu alipiga kelele soko yote ikasikia: "Wee Nzioka, umeanza kumea kama maharagwe! Mama Rispa, huyu tumwagilie maji ama tumvune?"

Watu walicheka. Na mimi nikicheka nao kwa aibu, joto ikanipanda, zikatoka zingine.

Hiyo ya soko naweza vumilia. Ya nyumbani ndio ngumu.

Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia katikati. Upande wa kitanda ni wa Mutiso na bibi yake, Mwende, mimi namwita shemeji. Upande wa jiko ndio wangu. Mutiso anaendesha lori, anarudi jua ikishaingia. Na kuna mtoto, miezi miwili, mvulana wa kwanza. Amepewa jina ya baba yetu, marehemu Kioko, venye Wakamba tunafanya. Sasa huyu mtoto kwangu si mtoto tu. Ni baba. Namsalimia baba. Akilia nasema baba amekasirika.

Na sikuwa nimewahi kumshika.

Shemeji ako na sheria moja. Mtu akitoka Gikomba hashiki mtoto mpaka aoge, na aoge na maji moto. Anasema nguo za mtumba zimetoka mbali, hakuna mtu anajua zilivaliwa na nani, na uchafu ya mbali haiogopi maji baridi. Sikuona ubaya. Ni mama ya mtoto. Kila jioni ananiwekea maji kwa jiko mpaka ichemke, nabeba beseni mpaka bafu, najisugua na kitambaa nisibakishe kitu. Natoka nikiwa msafi kuliko mtu yeyote hapa Kaloleni, nanyoosha mikono nipewe mtoto.

Mikono imejaa vipele.

Shemeji anarudisha mtoto kifuani. Kesho yake maji inakuwa moto zaidi. Akaanza kuweka chumvi. Halafu akaweka majani ya mwarobaini, maji ikawa kijani na mimi nikatoka kama nimepita kwa siafu. Hakuwa mbaya, alikuwa ananitibu. Mimi nikaona heri nifiche, nikaanza kuvaa sweta nikitoka kuoga. Sweta, na hii jua ya Februari! Ndani ya sweta nilikuwa naungua kama mahindi ya kuchoma.

Kila nikijisafisha ndio naonekana mgonjwa. Niliishi hivyo na sikufikiria hata mara moja ni maji.

Halafu Mutiso akifika, zimeisha. Shemeji anamwambia, "Muangalie mikono." Mutiso ananishika mkono, anaupeleka karibu na taa, anageuza. "Mwende, si hii ni ngozi tu? Wewe unaona vitu." Shemeji ananiangalia kama mimi ndio nimezificha mfukoni. Ningesema zilikuwa hapo. Sikusema.

Jumatatu asubuhi walidhani nimeenda. Nilikuwa hapa tu mlangoni nafunga kamba ya kiatu.

Shemeji akasema, "Mama yenu anakuja Jumamosi kumuona mtoto. Utamwambia asimpe Nzioka amshike."

"Ni ndugu yangu, Mwende."

"Na huyu ni mtoto wako. Hizi magonjwa za siku hizi si zinaanzanga na ngozi? Ama umpatie mahali ingine alale mpaka tujue ni nini."

Mutiso hakujibu. Hiyo kunyamaza yake ndio ilinimaliza. Kwetu sisi wote ni watu wa kunyamaza, lakini ya kwake nilijua ni ya mtu anafikiria.

Njiani nikipita Shauri Moyo nilikuwa nahesabu vitu zangu kichwani. Blanketi. Sufuria. Odhiambo ako na chumba Majengo na alishaniambia naweza lala huko. Kuhama si shida. Shida ni mama atoke Machakos, akute jina ya bwanake iko ndani ya nyumba na mimi niko nje. Atauliza, na watamwambia nini?

Mimi siongei lakini naangalia. Hiyo ndio kitu Mungu alinipa. Basi nikaanza kujiangalia mwenyewe, na kurudisha siku nyuma kichwani, venye huwa naangalia nguo kabla nishushe pasi.

Mama Rispa anafungua bale Jumanne na Ijumaa. Waya ikikatwa ile mzigo inafura, na vumbi inatoka na harufu fulani ya dawa, inakukaba. Hizo siku napiga chafya mpaka machozi. Na jioni ya hizo siku, nikioga, vipele zinafika mpaka tumbo. Lakini Jumapili, sijaenda soko, maji ni ile ile ya shemeji, zinatoka chache tu hapo shingoni.

Kwa hivyo ni joto. Lakini ni kama vumbi inaifungulia mlango.

Na si maji peke yake. Jana nilichoma kola ya nguo, Mama Rispa akanifokea mbele ya wateja. Nilikuwa nimesimama kivulini, pasi iko mbali. Zikatoka zote. Aibu nayo ni joto, kumbe.

Leo asubuhi nikamuomba Mama Rispa ruhusa, nikaenda dispensari. Daktari ni mama mmoja ako na miwani imefungwa na uzi. Nilikaa mbele yake, nikabaki naangalia ule uzi.

"Kijana, umeniletea ugonjwa ama umekuja kupumzika?"

Nikamwonyesha mikono. Mikono ilikuwa laini kama ya mtoto. Akaangalia, akaniangalia.

"Zinatoka nikipata joto," nikasema.

Hakucheka. Akasema, "Toka nje. Kimbia mpaka geti, urudi, uende tena. Usisimame mpaka jasho ikutoke."

Basi mimi huyo, nakimbia mbele ya foleni yote ya wagonjwa. Mama mmoja amebeba mtoto akasema, "Haki huyo ni sindano ameonyeshwa!" Mzee mwingine, "Mwache akimbie, akipona atuambie." Nilirudi ndani natiririka jasho, na shingo yote ilikuwa imemea.

Daktari akavuta miwani. "Hizo ndizo?"

"Ndio hizo."

Akaniuliza kama kifua inabana, kama midomo inavimbanga. Nikasema hapana. Akasema siku ikibana, ama midomo ivimbe, nisingoje kesho, nikimbilie hospitali. Halafu akasema ngozi yangu haipendi joto ikipanda ndani ya mwili. Iwe ni maji moto, kukimbia, pilipili, hata hasira ama kuona aibu. Wako watu wengi wako hivyo, hawasemi tu.

"Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Hata ukilala kitanda moja na mtu hawezi ipata."

Nilitaka kutoka na hiyo neno peke yake, nikimbie nayo mpaka nyumbani. Lakini nilikuwa na ingine. Nikamwambia ile ya bale, ya chafya, na ya Jumapili.

Akaweka kalamu chini, akafikiria.

"Pua na ngozi yako zinaweza kuwa ndugu," akasema. "Kuna watu vumbi inawasumbua, na joto pia inawatoa hizo vipele. Lakini kuna wengine ni joto tu, vumbi haiwafanyi kitu. Kwa hivyo sikuapii ati vumbi ndio inaita. Inawezekana. Wewe funga kitambaa puani wakifungua hizo nguo, wacha maji moto, halafu uangalie. Kwani nani atakuangalia kama si wewe?"

Akanipa tembe za njano. Nimeze moja jioni, nisimeze nikienda kazi, zinaleta usingizi. "Utalalia pasi uchome nguo za watu."

Sasa ile ngumu.

Nilifika nyumbani mapema. Shemeji alikuwa amekaa kwa mkeka anachagua ndengu, mtoto amelala kando yake. Akasimama aniwekee maji. Nikasema, "Wacha tu." Nikachukua beseni, nikachota kwa bomba, nikaoga baridi. Maji ilinikata pumzi. Nikajiangalia mikono. Hakuna kitu. Nikajiangalia tena.

Nilirudi bila sweta. Ndengu zilikuwa zishawekwa kwa jiko. Shemeji akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa, na hakufurahi.

"Umeoga na baridi."

"Ndio."

"Nzioka. Unatoka kwa ile takataka yote, unakuja kwa mtoto wangu na maji baridi? Kwani mimi nachemshanga maji ya kucheza?"

Hapo kawaida ningetoka nje. Miguu ilishaanza. Lakini Jumamosi iko kesho kutwa, na nikiwaza nikaona hakuna mtu mwingine anajua hii maneno, ni mimi tu na yule mama wa miwani. Nisipoisema itakaa ndani yangu na nitaibeba mpaka Majengo.

Nikasema. Sikusema vizuri, nilisema kama mtu anateremka ngazi gizani. Nikasema ni joto. Nikasema si ile ugonjwa anaogopa. Nikasema Jumatatu nilisikia. Nikasema maji yake ilikuwa ya upendo, lakini ndio ilikuwa inazitoa.

Na nikisema hivyo nikasikia masikio inaungua, na shingo ikaanza kuwasha. Nikajua zinakuja. Nikataka kushika kola. Sikushika. Nikasimama tu hapo, mikono wazi, nikamwacha aone.

Shemeji akasogea karibu. Aliziona zikitoka moja moja, hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna Gikomba. Akaweka mkono kwa mdomo.

"Yaani saa hii ni nini inakuchoma?"

"Ni wewe, shemeji."

Akacheka. Sikutarajia. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mungu wangu, kumbe mimi ni jiko!" Halafu akaacha kucheka, akakaa chini kwa mkeka, akaniangalia vizuri. "Keti hapo kwa upepo. Nataka kuziona zikienda."

Nikakaa mlangoni. Yeye anaangalia shingo yangu, mimi naangalia watoto wa nyumba ya tatu wakivuta gari ya waya. Moja moja zikalala. Shemeji akanyoosha kidole akagusa mkono wangu, hapo zilikuwa. Hakuwa amenigusa tangu mwaka uanze.

"Basi Mutiso ataomba msamaha," akasema. "Ananiambia naona vitu. Si nimeziona?"

"Umeziona."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Kwa mdomo yako?"

"Kwa mdomo yangu."

Harufu ikatoka kwa jiko. Akaruka, akamwokota mtoto aliyekuwa ameanza kulalamika, akazunguka mara moja kama hajui aende wapi, halafu akanisukumia.

"Shika baba yako, ndengu zinaungua!"

Ni mzito kuliko venye nilidhani. Kichwa inanuka maziwa. Mkono yake ndogo ilikamata kidole changu, na akanikazia macho kama mtu amekopesha kitu. Nilikaa bila kupumua vizuri, naogopa furaha nayo isije ikawa ni joto.

Zilitoka mbili hivi, hapo kwa kiwiko. Shemeji aliziona. Akaendelea kukoroga.

Sasa amelala tena, kwa mamake, na mimi niko hapa nje nangoja Mutiso. Kesho ni siku ya bale. Nitafunga kitambaa, Odhiambo atasema nimekuwa mwizi wa benki, na nitamwacha aseme. Baada ya hapo nitajiangalia jioni nijue kama ni vumbi ama si vumbi. Labda sitawahi kujua kabisa. Hata daktari hajui kabisa.

Lakini kuna kitu imenijia nikimshika huyu mtoto. Mzee wetu, mwenye jina, alikuwa anaoga mtoni hata mwezi wa saba, ule wa baridi. Mama alikuwa anamchemshia maji, anaikataa, wanagombana. Watu walimwita mkaidi. Na nakumbuka akijisugua mgongo kwa nguzo ya ghala akitoka kulima juani, halafu anavaa shati haraka mtu akipita.

Jumamosi nitamuuliza mama, nikiwa nimemshika Kioko: mzee alikuwa anakataa maji moto kwa nini, na kuna mtu aliwahi kumuuliza?