Salamu Zako Zimefika Kirumba

Mama, shikamoo. Mdogo wangu Masalu hajambo, ila ile kaseti ya salamu uliyomtumia ameikatakata, akaiunganisha na mlio wa injini ya boti na kelele za mnada wa dagaa. Anasema huo ni muziki. Nilikasirika.

Leo asubuhi ameipiga kwa spika kubwa nje ya kibanda chake hapa sokoni Kirumba. Ukasalimia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka", wauza dagaa wakaitikia "Mwangaluka". Mkanda ukarudia, wakaitikia tena, maana salamu ya mtu mzima huwezi kuinyamazia. Masalu akaanza kupiga ndoo kufuata sauti zao. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Huyu mama hachoki kusalimia?"

Ulilalamika kwamba Masalu hakukujibu. Soko zima limekujibu. Pumzisha mgongo, halafu utume kaseti nyingine.

Mwanao, Kabula