Saa Yako Inasema Umelala Baharini

Shoga yangu Somoe,

Nimekuja kukushtaki kwako mwenyewe, maana sina mwingine wa kumpelekea. Saa yako ninayo mimi. Shemeji Hamisi aliniletea baada ya arobaini, kaifunga kwenye leso yako ya maua, akaiweka mezani na kusema, "Mke wangu aliagiza hii apewe Mwalimu Tumaini." Sikujua nishukuru au nilie. Nilifanya yote mawili, na chai niliyomwandalia ikapoa bila mtu kuigusa.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya saa hii? Msimu ule wa korosho, baba yako alipowagawia wanawe, wenzio walinunua pikipiki na makochi. Shemeji alikuwa anaota bati za nyumba. Wewe ukaagiza saa. Tena siyo saa ya kuangalia muda tu, saa ya wakimbiaji wa kweli, yenye ramani humohumo ndani, hata simu ikiwa imezima, hata mtandao ukiwa haupo. Ulipoivaa siku ya kwanza shuleni, darasa la sita hawakusoma hesabu. Walipanga foleni waione Mtwara ikiwa mkononi mwa mwalimu wao.

Mimi nilikucheka. Nilikwambia saa yangu ya bei poa inapima kilomita na mapigo ya moyo, na inanitosha. Tulikuwa walimu wawili tunaokimbia njia ileile, tunatoka Ufukoni tunakwenda Mikindani, tunageuka. Wewe Mikindani umezaliwa, ukizibwa macho unafika. Ramani ya nini? Ukanijibu huku unafunga kamba za viatu, bila hata kuinua kichwa: "Siku nikipotea utanitafuta na nini, mtu wa bara?"

Nilicheka tena. Sasa sicheki.

Ili nikutendee haki, wiki hizi nimeichunguza saa yako kama wewe ulivyokuwa unataka niichunguze. Ramani yake ni ndogo, nzima inaingia kwenye kifuniko cha soda, na mimi macho yangu unayajua. Vichochoro vyetu havimo. Mtawanya ninakokaa ni barabara moja na uwazi mweupe pande zote, utadhani tumehamishwa. Ukiiacha ramani iwake muda wote, chaji inakwisha kabla hujamaliza wiki. Kiswahili haijui. Na bahari ndiyo haiijui kabisa. Kwake ufuko ni mstari mmoja, upande huu nchi kavu, upande ule bluu, basi. Haijui kwamba maji yakipwa mchanga unabaki wazi mpaka kule mbali, na watu wanatembea, na sisi tunakimbia.

Hilo ndilo lililokuwa linakufurahisha. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, tulikuwa tunaiacha barabara na kushuka kukimbia kwenye mchanga ule mgumu, tunawapita akina mama wenye ndoo zao wanaotafuta pweza. Wewe unatazama mkono, unaona kile kimshale chetu kinakata bluu tupu, unaniambia: "Tumezama tena, mwalimu." Kila mara. Hukuchoka kuusema utani huo na mimi sikuchoka kuusikia, ingawa nilikuwa najifanya nimechoka.

Na vibendera vyako. Ulipojua kwamba saa inaweza kuwekewa alama mahali uliposimama, hukuacha kitu. Bomba la maji, kibendera. Nyumba yenye mbwa mkali, kibendera. Bi Mwanahawa anayekaanga mihogo pale tunapogeukia, kibendera, kana kwamba harufu haitoshi kukuonyesha. Bado ananiuliza habari zako, Somoe. Siyo kwamba hajui. Anajua, alikuja msibani. Ananiuliza tu, "Mwenzio?" halafu anakumbuka, ananiongezea kipande cha muhogo na kachumbari. Siku hizi nakimbia peke yangu na narudi nimeshiba.

Ulipolazwa nilikuwa sijui nikuletee nini. Uji ulikushinda, machungwa yalikushinda, maneno yangu ya kutia moyo ndiyo yaliyokushinda kuliko vyote, nilikuona unavyofumba macho nikianza. Kansa ilikuwa imekumaliza mwili, mkono umebaki fito, na ile saa kubwa ilikuwa inazunguka mkononi kama bangili. Hukukubali kuivua. Ulikuwa umelala pale wodini unaisogeza ramani kwa kidole, polepole, unasafiri. Ukanikaribisha siku moja kwa kusema, "Leo nimefika Msimbati." Kesho yake ulikuwa umeshuka kusini mpaka Ruvuma inapoingia baharini, kule tulikosema tutakwenda kukimbia likizo ikifika, na ukanionyesha mto ulivyojigawa humo kwenye mikoko, maji yamesambaa kama mtu kamwaga ndoo. Ukasogeza tena kidogo na kuniambia kwa sauti iliyobaki, "Nimevuka Msumbiji, na pasi sina." Nesi alicheka. Mimi nikaenda kulia chooni.

Hapo ndipo nilipoacha kubisha. Sikukwambia. Nilidhani muda upo.

Sasa nikueleze siku yenyewe ya mazishi, maana hukuiona. Nyumba ilijaa. Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, mama yako katikati, nami nimejifunika kanga kama nilivyoelekezwa. Kwetu Njombe mtu wako akifa unakwenda naye mpaka kaburini. Unaimba, unaona shimo, unarusha udongo kwa mkono wako mwenyewe, unasikia unavyoanguka. Ni vibaya, lakini unaona. Hapa walikubeba wanaume, na sauti zao zikaenda zinapungua barabarani, na sisi tukabaki kutazama mlango. Nilinyanyuka. Sijui nilitaka kwenda wapi. Mama yako akaishika kanga yangu kwa nyuma, akaishikilia mpaka nikakaa. Nikasikiliza mpaka zile sauti zikaisha. Sikukusindikiza, Somoe. Nimekimbia nawe asubuhi zote zile, halafu safari ile sikuruhusiwa hata kufika kona.

Silaumu. Ndiyo desturi yenu na ina heshima yake, na wewe mwenyewe ungenivuta kanga. Nasema tu kwamba kichwa changu kinaelewa na miguu yangu haielewi.

Shemeji aliliona hilo. Mtu wa kiwandani, hata salamu anaitoa nusu nusu, lakini aliliona. Siku aliyoniletea saa, alipokuwa mlangoni anaondoka, aligeuka akaniambia kwamba makaburini alikuwa nayo mfukoni. Walipomaliza kufukia aliitoa, akabonyeza kile kitufe ulichokuwa unabonyeza wewe. "Nimekuwekea kibendera pale alipo," akasema. "Kwa kuwa hukuweza kwenda." Kisha akaondoka haraka nisimwone machozi, wanaume na macho yao.

Nilikaa na saa mezani siku nyingi kabla ya kuifungua ramani. Nilipoifungua nikaona mihogo, nikaona mbwa mkali, nikaona bomba. Nikasogeza kuelekea makaburini kule Ufukoni, na kibendera chako nikakiona kimesimama ndani ya bluu. Baharini kabisa, nje ya ule mstari wa ufuko. Watu waliochora ramani hii ufuko wetu waliukosea, wameuchora ndani ya nchi kavu, na makaburi yote yameangukia majini. Kwa mujibu wa saa ya thamani kuliko kitu chochote ulichowahi kununua, wewe umezikwa baharini.

Nilisikia sauti yako inasema ule utani. Nilitaka kucheka kwa ajili yako, nikashindwa. Niliifunika saa na leso.

Juzi maji yalipokuwa yamekupwa nikaivaa, nipite mchangani kama tulivyozoea. Nilivaa suruali ya kukimbilia na kanga mbili juu yake, moja kiunoni na moja kichwani, kama wewe ulivyokuwa ukijisitiri tukikaribia kwa watu. Nikachagua kibendera chako na saa ikatoa mshale. Niliufuata. Nilivyokaribia, umbali ukawa unapungua, na moyo wangu ukaanza ujinga, ukaanza kukimbia kana kwamba nitakukuta umekaa unafunga viatu.

Saa ikatetemeka mkononi. Maana yake nimefika.

Mbele yangu kulikuwa na vilima vitatu vya udongo mpya, vimefuatana. Kila kimoja kina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na jina hakuna. Nikapiga hatua moja, mshale ukaelekea cha kushoto. Nikasimama, ukageukia cha kulia. Nikarudi nyuma nikaja upya polepole, ukaniambia cha katikati, kisha ukaanza kuzunguka. Sikujua saa inaweza kuchanganyikiwa. Imenitoa nyumbani mpaka kwako kwa msaada wa setilaiti huko juu mbinguni, halafu hatua za mwisho, zile nilizozitaka, ikasema haijui.

Nilimpigia Shemeji palepale. Niliona ni jambo dogo, aniambie tu ni cha ngapi. Kabla sijasema kitu akauliza, "Umekwenda? Kibendera kimekaa vizuri?" Sauti yake, Somoe. Sijawahi kumsikia hivyo, kama mwanafunzi anayesubiri umwambie amepata. Siku ile hakuweza kitu kingine chochote. Hakuweza kukuponya, hakuweza kukurudisha, alichoweza ni kubonyeza kitufe. Nikamwambia, "Kimekaa vizuri sana, shemeji. Nimefika moja kwa moja." Akashusha pumzi. Akasema alhamdulillah. Basi, tangu hapo siwezi tena kumuuliza, wala kumuuliza mama yako, maana litamfikia.

Kwa hiyo sikukupata. Nilisimama mbele ya watu watatu na sikujua yupi ni rafiki yangu. Sijui dua zenu, na zangu nilizijaribu zikakwama. Nikaanza kukueleza habari, kwa sauti, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Kwamba kiti chako pale ofisini hakijakaliwa, tunawekea madaftari. Kwamba darasa la sita wamepewa mwalimu mgeni mpole na wamemshinda tayari. Kwamba Bi Mwanahawa anasalimu. Wale wengine wawili sijui ni akina nani. Inawezekana kuna mzee wa watu amelala pale amesikia habari zote za mihogo na anashangaa.

Mawingu yameanza kujikusanya. Mvua zikianza vilima vitashuka, na wengine wapya watakuja pembeni, na mshale utakuwa na watu wengi zaidi wa kuchanganya. Nalijua hilo na sina la kufanya. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekimbia nalo mpaka Mikindani na kurudi, bado sina la kufanya.

Ungekuwepo ungeniuliza, kwa ile sura yako ya ushindi: haya mwalimu, ramani kwenye saa ina faida au haina? Sijui, shoga yangu. Ile ya kwangu ya bei poa isingenifikisha hata getini. Hii imenifikisha karibu kiasi kwamba nikinyoosha mikono ninaweza kukugusa, na imeniacha hapo. Uliniuliza nitakutafuta na nini. Nimekutafuta na hii. Ulichosahau kuniambia ni mtu afanye nini ikishafika mwisho wa uwezo wake.

Kibendera sitakifuta. Nitaichaji saa kila inapozima, na kila maji yakipwa nitakuja na kanga zangu, niwasalimie wote watatu, wewe na hao jirani zako, bila kuruka hata mmoja, ili nisije nikakuruka wewe. Hilo ninaweza kukuahidi kwa sababu ndilo pekee ninaloliweza. Bi Mwanahawa nitamwambia umeitikia.

Lala, Somoe. Nilipokuwa naondoka makaburini juzi nilitazama mkono wangu, na kile kimshale changu kilikuwa palepale kwenye bluu, kimegusana na kibendera chako. Tumezama tena, mwalimu. Nimekusemea, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema.

Mtu wako wa bara,
Tumaini